Mkulima wa Fizi Ndiye Anayelipa Ruzuku

Wasikilizaji wetu wa Mboko, wa Swima, wa Abeka, wa Lusenda na Nundu, na ninyi jamaa mlioingia kwetu mkiwa na vyombo kichwani baada ya vita kufika Bukavu mwezi wa Februari 2025 na Uvira mwezi wa Desemba mwaka ule ule, nawaandikia ninyi. Andiko hili ni refu kuliko yale ya kila wiki. Redioni nina dakika chache kabla ya matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea, na jambo hili halienei katika dakika chache.

Jambo lenyewe ni ruzuku. Wengi wakilisikia neno hilo wanadhani ni neno la ng'ambo ya ziwa, la ndugu zetu wa Kigoma na mbolea yao ya ruzuku. Hapa kwetu watu wa ofisi husema subvansio. Ni kitu kimoja: pesa ya serikali inayotolewa ili mkulima apate mbegu, mbolea, jembe au dawa kwa bei anayoiweza, au apewe kabisa. Si zawadi ya mbunge wakati wa uchaguzi. Si msaada wa shirika. Ni kodi ya raia inayorudi shambani.

Na mimi nasema hivi: katika Fizi ruzuku iko, ila inatembea kinyume. Mkulima ndiye anayeitoa. Serikali na wenye silaha ndio wanaoipokea.

Tufuate gunia moja la mihogo. Mama amelima mlimani, juu ya Mboko, kwa jembe alilonunua mwenyewe, kwa miti ya mihogo aliyoomba kwa jirani. Amengoja mwaka na zaidi. Amepalia. Ameng'oa, ameloweka, ameanika juu ya mawe, amefunga gunia na kulishusha mgongoni kwa mshipi wa kichwa. Kabla hajafika barabarani anakuta kamba imefungwa njiani, na kijana amekaa chini ya mwembe na bunduki mapajani. Anatoa kopo moja la mihogo, au faranga. Akifika kwenye barabara kubwa, ile tunayoiita Nasionali ya 5, anakuta kamba nyingine. Hii ina watu wa ofisi mbili au tatu, kila mmoja na karatasi yake. Sokoni anangojewa na mtoza ushuru wa soko, halafu wa usafi, halafu mwingine ambaye hata haelezi ni wa nini. Kama gunia linakwenda Baraka au Uvira, ongeza nauli ya pikipiki na kamba za huko mbele.

Msidhani ninatia chumvi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walizunguka Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini wakihesabu vizuizi barabarani. Walipata 798. Wakaandika kwamba kwetu kila kinachotembea kinatozwa. Hiyo ilikuwa 2017. Ninyi mliotembea kwa mguu kutoka bonde la Ruzizi mpaka hapa mnaweza kunieleza kuliko mimi kama kamba zimepungua.

Sasa tufungue upande wa pili wa daftari. Huyu mama amerudishiwa nini? Barabara ya kwenda shambani ni ile aliyoikata babu yake kwa panga. Agronomu wa serikali, kama yupo, hana pikipiki, na mshahara wake ni hadithi nyingine ya kusikitisha. Mbegu bora hakuna. Ugonjwa wa mozaiki ukishika majani ya mihogo, na ule mwingine wa michirizi ya kahawia ukioza mizizi ndani kwa ndani, mama anagundua siku ya kung'oa. Mwaka mmoja wa jasho unageuka chakula cha nguruwe. Hakuna mtu wa serikali anayekuja kumwambia pole, seuze kumlipa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Kongo haina ruzuku ya kilimo kwa kuwa haina pesa, ninamwambia arudie kuhesabu. Wakulima wa Fizi wanailisha serikali, wanawalisha askari wa kila rangi, wanawalisha wakimbizi wa Burundi walio Lusenda tangu 2015, na sasa wanawalisha ninyi, kwa kuwa wengi wenu mmepokelewa ndani ya nyumba za watu. Mkulima hajawahi kusema hana bajeti.

Sheria je? Sheria tunayo, tena nzuri. Tarehe 24 Desemba 2011 ilitiwa sahihi sheria namba 11/022 juu ya misingi ya kilimo. Inasema serikali itaunda mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Inasema pembejeo zinazotoka nje kwa ajili ya shamba tu zisitozwe ushuru wa kuingia. Inataka kuwe na mabaraza ambamo wakulima wenyewe wanakaa na wakuu kushauriana. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ni kijana anayelima. Mwulizeni kama amewahi kuona hata mfuko mmoja wa mbolea ulioshuka bei kwa sababu ya sheria hiyo.

Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na ahadi. Julai 2003, mjini Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuweka asilimia 10 ya bajeti katika kilimo, na wakajipa miaka mitano. Juni 2014 walikutana Malabo wakaahidi tena. Januari 2025 ahadi ikarudi, safari hii Kampala. Nchi yetu ilikuwemo, na kwa miaka mingi haikuifikia hiyo asilimia 10. Rais Tshisekedi naye ana msemo wake kwamba udongo utalipa kisasi juu ya madini yaliyo chini yake. Msemo mtamu. Lakini mimi nikisimama Mboko nikitazama mlimani sioni kisasi chochote cha udongo. Ninaona udongo unaoteremka ziwani kila mvua, kwa kuwa miti imekatwa na hakuna aliyewapa watu mche wa kupanda.

Na tusidanganyane kwamba pesa haijawahi kutoka. Imetoka. Julai 2014 ilifunguliwa bustani kubwa ya kilimo huko Bukanga Lonzo, katika jimbo linaloitwa Kwango siku hizi, karibu kilomita 250 kutoka Kinshasa. Hekta 80,000. Matrekta mapya. Kampuni ya Afrika Kusini ikaitwa kuendesha. Tuliambiwa mahindi yatashuka bei nchi nzima. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama, na matrekta yakabaki juani. Mwaka 2020 Inspeksheni Kuu ya Fedha ilisema hazina ya serikali ilitoa dola milioni 285 kwa mradi huo. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri Mkuu kutoka 2012 hadi 2016, miaka 10 ya kazi ngumu kwa kupotosha pesa hizo, na pamoja naye ikamhukumu miaka 5 gavana wa zamani wa Benki Kuu, Deogratias Mutombo. Matata mwenyewe amekanusha siku zote. Hilo ni lake na mahakama.

Mimi nina hesabu ya shule ya sekondari tu. Nchi yetu ina teritware 145. Gawanya dola milioni 285 kwa 145. Kila teritware ingepata karibu dola milioni 2. Fizi, milioni 2. Uvira, milioni 2. Mwenga, Walungu, Kalehe, hivyo hivyo. Hebu wazeni kile ambacho milioni 2 zingefanya hapa katika miti safi ya mihogo, mbegu za maharage na mahindi, daraja dogo la kwenda shambani, ghala lenye paa. Badala yake zilimwagwa zote katika shamba moja ambalo watu wa Fizi hawakuwahi kuliona hata kwa picha. Ndiyo sababu, nikisikia mkubwa anaongea juu ya kilimo cha kisasa na matrekta, ninashika mfuko wangu.

Karibu na kwetu pia pesa imepita. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 150 kwa ajili ya mradi tunaoujua kwa jina la PICAGL, kwa majimbo mawili tu: Kivu ya Kusini na Tanganyika. Majimbo yetu yenyewe, barabara yetu yenyewe. Mpunga, mihogo, maziwa. Ndani yake ilikuwemo ruzuku ya kuchangia, yaani mradi unatoa sehemu, na mkulima au koperative inatoa sehemu yake.

Sisemi waliiba. Sina ushahidi huo, na mwandishi asiyekuwa na ushahidi afunge mdomo. Ninauliza tu, na ninyi mjijibu wenyewe mkiwa lubungani au kisimani: ni nani kati yenu aliyewahi kuona orodha ya waliopewa, yenye jina la koperative, kijiji, kiasi na tarehe, imebandikwa mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuisoma? Ripoti za miradi kama hiyo zipo, ziko kwenye intaneti, kwa Kiingereza na Kifaransa, kurasa mia na zaidi, zenye jumla ya walengwa kwa maelfu. Lakini jumla haina kijiji. Ukiambiwa maelfu ya jamaa wamefikiwa, huwezi kwenda kugonga mlango wa hao maelfu. Ukiambiwa koperative fulani ya Mboko ilipokea mifuko 40, unaweza kwenda kuihesabu.

Na hiyo ruzuku ya kuchangia inataka kuangaliwa vizuri. Ukimwambia mtu alete sehemu yake kwanza, umeshachagua nani atapata. Atapata mwenye duka, mwenye ng'ombe, mwenye ndugu mjini, mwenye kujua kuandika mradi kwa Kifaransa cha ofisi. Hapo ndipo zinapozaliwa zile koperative za mfukoni, ambazo wanachama wake ni muhuri, karatasi ya utambulisho na mke wa mwenyekiti. Sitaji moja. Kila mtu anayekaa barabarani hapa anaijua moja.

Watu watasema ninaota mambo ya Wazungu. Basi tutazame majirani.

Tanzania, tarehe 8 Agosti 2022, sikukuu ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku akiwa Mbeya, kwa sababu bei ilikuwa imeruka baada ya vita vya Ukraine. Mkulima anaandikishwa kijijini, anapata namba yake, anakwenda nayo dukani, anauziwa kwa bei iliyopunguzwa. Si mbinguni. Miaka ya nyuma walikuwa na vocha za karatasi, na zilichezewa; wapo waliotia sahihi vocha bila kupata mfuko. Lakini walijifunza, wakaweka namba.

Burundi wana mpango wao wa mbolea tangu 2012. Mkulima anatanguliza pesa kisha anangoja. Wengi wa Lusenda watakueleza jinsi mbolea inavyoweza kufika wakati mahindi yameshatoa ndevu. Kenya waliuza mbolea ya ruzuku tangu 2022, na mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya mifuko haikuwa na kiwango, wakulima wamepanda uchafu. Kashfa kubwa, bunge likamhoji waziri, serikali ikaahidi kuwafidia walionunua.

Nimewaletea mabaya pamoja na mazuri kwa makusudi. Hata kashfa ya Kenya ni afadhali kuliko ukimya wetu. Kule mkulima alijua amenunua nini, wapi, kwa bei gani, akaweza kusema nimedanganywa. Hapa huwezi hata kudanganywa, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa kwa jina lako.

Na tukifika kwa hao Wazungu, wao ruzuku yao ni kubwa ya kutisha. Umoja wa Ulaya umetenga euro bilioni 387 kwa kilimo chake kutoka 2021 hadi 2027. Huko nako kuna dhuluma: hesabu inayojulikana ni kwamba asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja inakwenda kwa asilimia 20 ya wanaopokea, wale wenye mashamba makubwa. Unga wa ngano na maziwa ya unga vinavyouzwa sokoni kwetu vinatoka katika dunia hiyo ya ruzuku, vinakuja kushindana na muhogo wa mama ambaye hakupewa hata mpini wa jembe. Ni mbio kati ya mtu aliyepanda gari na mtu aliyefungwa mguu.

Lakini kuna jambo moja la kwao ninalolionea wivu. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimika kutangaza kila mwaka nani amepokea na kiasi gani. Marekani, shirika moja la kiraia linaloitwa Environmental Working Group lilidai takwimu za serikali, likaziweka hadharani: unachagua jimbo, unachagua kaunti, unaona majina na dola. Mkulima wa kijijini anajua jirani yake alipewa ngapi. Wakubwa wengi walikasirika. Matajiri wa mjini waligunduliwa wanapokea pesa ya shamba bila kushika udongo. Hakuna aliyehitaji kuwapiga mtu mawe. Orodha ilitosha kuwafanya watu waulize.

Orodha. Ndicho ninachodai. Sidai trekta. Sidai bustani ya hekta 80,000.

Ninajua jibu litakalotolewa, na si jibu la kijinga. Watasema: Fizi si Ulaya. Ukisoma redioni kwamba mama fulani wa kijiji fulani amepata mbuzi wawili na mifuko mitatu ya mbegu, usiku ule ule wenye bunduki watagonga mlango wake. Ni kweli. Tumezika watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo nisikilizwe vizuri: jina la mama wala nyumba yake visisomwe. Isomwe koperative, kijiji, idadi ya jamaa, aina ya kitu, kiasi na tarehe, na jina la afisa aliyetia sahihi. Ikiwa ni mbegu, isomwe baada ya kupandwa, si siku ya kugawa. Orodha kamili yenye majina ikae kwa kamati ya kijiji yenye mwanamke, mzee na mkimbizi mmoja ndani yake, na kila aliyeandikwa awe na haki ya kuona mstari wake. Afisa ana haki ya kulindwa kama kila raia, lakini hana haki ya kufichwa. Mara nyingi, ninaposikia hofu ya usalama ikitajwa ofisini, ninayemwona akilindwa si mama.

Kuna na wale wanaosema ruzuku inawazoesha watu uvivu. Sina muda na hao. Waje washike jembe mlimani kwa siku moja, jua la saa saba.

Sasa niseme na ninyi mliokimbia vita, kwa sababu katika mazungumzo yote ya kilimo ninyi mnahesabiwa kama midomo tu. Mnaitwa walengwa wa chakula. Hakuna anayekumbuka kwamba mlikuwa wakulima juzi, tena wakulima wa bonde la Ruzizi, watu wa mpunga na mahindi, na wengine wenu watu wa ng'ombe na viazi vya milimani. Leo mnakodi kipande cha shamba kwa mwenyeji, mnalipa kwa faranga au kwa sehemu ya mavuno. Mpango wowote wa ruzuku ukiandikwa ofisini, kitu cha kwanza kinachoombwa ni karatasi ya shamba au kadi ya koperative. Mkimbizi hana vyote viwili. Basi anafutwa kabla hajaandikwa. Na mwenyeji wake naye anadhulumiwa, kwa kuwa chungu kilichopikwa kwa watu sita sasa kinalisha kumi na wawili, na hakuna anayemhesabu kama mtoa msaada.

Ninachopendekeza si kigumu. Anayelima aandikwe anapolima, si mahali karatasi yake ilipobaki. Mwenyeji na mkimbizi waandikwe pamoja, kwa shamba moja, mfuko mmoja wa mbegu ukiwa na majina mawili. Hiyo pia itapunguza yale maneno ya kisimani, kwamba wakimbizi wanapewa na wenyeji hawapewi, maneno ambayo yanaanza kama mzaha na tunajua katika Fizi yanaweza kuishia wapi.

Na wakati. Hapa kwetu msimu A unaanza katikati ya Septemba, msimu B Februari. Kila mtoto anajua. Lakini makaratasi ya wafadhili yana kalenda yake, na mbegu zinaweza kufika wakati mvua imeshachukua nusu ya msimu. Jamaa yenye njaa ikipewa maharage ya mbegu mwezi wa Novemba itayapika, na mimi ningeyapika. Wataalamu wenyewe wanajua, ndiyo sababu wanasema mbegu zitolewe pamoja na chakula, ili mbegu zisiliwe. Lakini tangu Marekani ilipofunga mkono wake mwanzoni mwa 2025, chakula hicho kimepungua. Hesabu ya IPC ilisema kati ya Januari na Juni 2025 watu milioni 27.7 katika Kongo walikuwa na njaa kali. Katika nchi inayosemwa kuwa na hekta milioni 80 za kulima.

Vita pia vimekata njia ya mbegu. Kituo cha utafiti cha INERA kiko Mulungu, huko Kabare, upande wa pili wa mstari wa vita tangu Februari 2025. Huko ndiko zilikokuwa zikitoka aina za mihogo zinazovumilia mozaiki. Kungojea Mulungu ifunguliwe ni kungojea sana. Kuna mashamba hapa hapa Fizi ambayo mihogo yake imesimama vizuri miaka yote hii ya ugonjwa. Wenye kulima wanayajua. Serikali ingenunua miti kutoka kwa hao, agronomu akaikagua, ikagawiwa kwa wengine. Pesa ingebaki Fizi, miti isingesafiri kilomita mia mbili ikikauka juu ya lori. Kwa wale wa kando ya ziwa, ambao mashamba yao yalizama maji yalipopanda 2021 na tena 2024, hiyo ingekuwa pa kuanzia.

Mtaniuliza: pesa ya nani? Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale inapokusanywa. Sheria za ugatuzi zinasema sehemu ya jimbo nayo, asilimia 40, ishuke mpaka miji, komuni, sekta na shefferi. Sekta ya Tanganyika ni moja ya hizo. Hatuombi sadaka Kinshasa. Tunadai deni. Tunajua pesa hiyo inafika kwa matone, na miezi mingine haifiki. Lakini hata tone lina bajeti, na ushuru wa soko la Mboko hautoki Kinshasa. Unakusanywa hapa, kwa mikono ya watu tunaowajua, kutoka kwa akina mama tunaowajua.

Kwa hiyo naanza na karibu, na ninasema kwa heshima yote kwa bwana mkuu wa sekta na wazee wetu wa vijiji. Kabla ya mvua ya Septemba, bajeti ya sekta ibandikwe ukutani, ukurasa wa kilimo tu unatosha. Ushuru uliokusanywa sokoni kwa mwezi uandikwe chini yake. Kama kilimo kimewekewa sifuri, iandikwe sifuri, tuione. Kila mradi utakaoingia katika vijiji vyetu, wa serikali au wa wafadhili, usitie mguu kabla haujakubali kusoma orodha yake kwa namna niliyoeleza. Wabunge wetu wa jimbo na wa taifa, ambao kila uchaguzi wanakuja na chumvi, sabuni na nguo zenye picha, waulize bungeni mfuko wa sheria ya 2011 una kiasi gani ndani, na ni kiasi gani kimewahi kuvuka kufika Kivu ya Kusini.

Kipindi cha wakulima kitakuwa na nafasi kwa mkuu wa sekta, agronomu, na mtu yeyote wa mradi anayetaka kujibu, bila kukatwa maneno. Wenye koperative waliopokea kitu miaka iliyopita, waje na karatasi zao. Tutasoma koperative, kiasi na tarehe, na hatutataja aliyeleta. Wasiotaka kuonekana redioni waziache kwa katibu wa chama cha akina mama, siku ya soko, wakati watu ni wengi na hakuna anayemtazama mwenzake.